Mkaguzi Aliyetaka Kuwaona Wenye Mali

Mkaguzi huyo wa hesabu watu walimwita Bi Nionyeshe, maana ukimweleza jambo lolote, jibu lake lilikuwa hilo tu: nionyeshe. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mikwaruzo. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi, naye hakuwa mwajiriwa wa mahakama. Mahakama ilimwita kutoka nje akague mfuko wa watu ambao, kwa ugonjwa au ajali, sheria imeona hawawezi kusimamia mali zao wenyewe. Chai ya mahakama aliikataa, gari lao pia. Alisema mkaguzi akishakunywa chai ya mkaguliwa, ulimi huwa mzito.

Msajili aliyetunza mfuko huo alimpokea bila wasiwasi, na alikuwa na haki. Hesabu zilikuwa zimenyooka. Bi Nionyeshe alitafuta ufa mpaka macho yakamwuma, asiuone. Mwingine angetia saini akaenda zake. Yeye akaomba kuwaona wenye mali. Msajili alishangaa, kwani hakuna aliyewahi kuomba hivyo, lakini mkataba ulimruhusu, akampa anwani zao.

Ndipo alipofika kwa fundi cherehani mmoja aliyegongwa na lori miaka mingi nyuma akaumia kichwa. Fidia yake ilikuwa nono na ilizidi kunenepa benki. Mwenyewe aliishi na dada yake, mpishi wa shule, katika vyumba viwili nyuma ya gereji. Godoro lilikuwa limebonyea katikati kama sahani. Fundi alikaa mlangoni, viatu vyake vimefungwa kwa kamba ya katani, anakunja pindo la shati, analinyoosha, analikunja tena.

Bi Nionyeshe alimwuliza dada mtu mbona haombi fedha. Akajibiwa kwamba aliomba mara moja tu, fedha za viatu, akahojiwa mpaka akajiona mwizi. Tangu hapo akaona heri kujibana na mshahara wake.

Mkaguzi akageuza ndoo, akaketi mbele ya fundi.

"Huyo hajibu, dada yangu," mpishi akasema taratibu. "Niulize mimi."

"Nitakuuliza na wewe. Kwanza mwenye mali." Akamgeukia fundi. "Kaka, unataka nini?"

Nyundo za gereji zilisikika zikigonga bati. Bi Nionyeshe hakurudia swali wala hakuinuka.

"Cherehani," fundi akasema mwishowe. "La mkono. La mguu litanishinda."

Dada yake akageuka kutazama ukuta. Miaka yote hiyo alimlisha na kumwogesha, na swali hilo halikuwahi kumjia.

Taarifa ya ukaguzi ilisema fedha ziko salama na wenye fedha wanataabika. Msajili aliisoma akafura. Mbele ya jaji alijitetea kwamba wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye daftari alilitunza.

"Umelitunza, na nimeandika hivyo," Bi Nionyeshe akasema. "Lakini hapa mali ipo, daftari lipo, ila mwenyewe ndiye asiye na habari."

Jaji alitabasamu, kisha akamwuliza msajili ni lini alionana na fundi. Msajili alikuwa mtu mkweli. Akakiri kwamba hajawahi kumwona. Hapo jaji akaamuru kila mwenye mali atembelewe kila mwaka, aulizwe haja zake, na maombi madogo yajibiwe bila kumtoa mtu jasho.

Cherehani lilinunuliwa, na msajili mwenyewe ndiye aliyelibeba mpaka ndani, tai ikiwa begani. Mishono ya kwanza ilikwenda upogo. Kola zinamshinda fundi hadi leo, lakini foronya zake hazina kasoro, na mafundi wa gereji humletea ovaroli zao azitie viraka. Akiona kitambaa hafifu hugomba, jambo ambalo dada yake hulisimulia kwa fahari.

Bi Nionyeshe na msajili hawakuwa marafiki. Msajili humwona mkaguzi mkavu, mkaguzi humwona msajili mwoga. Hata hivyo safari za kuwatembelea wenye mali huenda pamoja, kila mtu na nauli yake. Mzee mmoja aliomba redio. Bibi mwingine alisema hataki kitu, anachotaka ni kuachwa alale, na hilo nalo likaandikwa.