Jumatano ya Kanga Bwawani

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Bwawa alinikabidhi kiti kirefu na fimbo ndefu yenye ndoano butu, ya kumvuta aliyezidiwa na maji. "Usisubiri kelele," aliniambia. "Anayezama hana pumzi ya kupiga kelele. Hesabu vichwa. Ukimaliza, hesabu tena."

Nilikuja Mtwara kumfuata mume wangu, mfanyakazi wa bandarini. Kuogelea nilijifunza utotoni kwetu Musoma. Kituo chetu cha burudani kilijengwa wakati wa pilikapilika za gesi ya Madimba. Kilikuwa na ukumbi wa harusi, bembea, mgahawa wa ghorofani na bwawa. Kina mama wa nyumba zilizopakana na ukuta wake waliingia kwa mlango wa jikoni tu, kuosha vyombo na kumenya mihogo.

Nilipopandishwa kuwa mwokoaji mkuu, nilimwomba Meneja awatengee kina mama hao Jumatano alasiri, bila kiingilio. Alikuna kidevu. "Nakupa Jumatano mbili, mama. Bwawa likibaki tupu, nalirudisha kwa wateja."

Nikatangaza kwa spika za ukumbini, mtaa mzima ukasikia. Hakuja hata mmoja.

Bi Zuhura, mwosha vyombo wetu, alicheka mpaka akatua sufuria. "Shoga, umetangaza kama mnada wa korosho! Mwanamke haitwi majini kwa spika. Anaendewa kwake. Na wale wala chipsi pale ghorofani, macho yao tuyafunike na nini?"

Nikamwuliza kama yeye angekuja. Akanisimulia. Usichanani aliokota chaza pwani maji ya bahari yakitoka, hadi siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yaliporudi kwa kasi na kumchukua mdogo wake. Tangu hapo hakuingia maji ya kupita magoti.

"Nayajua yanavyochukua mtu," alisema. "Kabla sijafa nataka nijue yanavyombeba."

Tukapita nyumba kwa nyumba pamoja na kungwi wao, bibi anayewafunda mabinti unyagoni. Niliwaomba waje na suruali na fulana, kwa kuwa dera likilowa ni mzigo. Kungwi akaongeza lake: kila mmoja aje na doti ya kanga.

Jumatano ya pili walikuja. Wakafunga kamba kuzunguka bwawa, wakatundika kanga mpaka ghorofa ikapotea machoni. Kungwi akaingia wa kwanza, akipiga vigelegele.

"Wapo?" Meneja aliuliza kutoka nje.

"Wapo, baba! Nawe usisogee!" Kungwi akamjibu.

Bi Zuhura alikaa ngazini, maji yakimfika magotini. Nilimwachia kiti msaidizi wangu, nikaingia, nikaweka mkono chini ya mgongo wake.

"Umenishika?"

"Nimekushika."

Alinikita kucha begani. Jumatano zikafuatana, masika yakapita, na mkono wangu ukazidi kuwa mwepesi, mpaka siku moja akaacha kuuliza.

Vijana mnaoanza kazi hii mtafundishwa kupima dawa ya maji na kufufua pumzi. Jifunzeni pia kubisha hodi.

Jumatano yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, Bi Zuhura, aliyekwisha kuwa mwogeleaji hodari, alinipokonya fimbo, akapanda kitini.

"Ingia wewe leo. Miaka yote hii, nani amekulinda?"

Nikaelea chali, masikio ndani ya maji, kanga zikipepea pande zote. Nilikuwa kichwa kimoja tu, na yupo aliyekuwa akikihesabu.