Mwari na Kifaranga Wake

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ulikuwa mchanga wa siku chache, nami nilikuwa bado ndani, maana kwetu mama aliyejifungua hatoki mpaka muda wake utimie. Ulikuwa unalia na kukonda. Baba yako alikuwa ametoka kuulizia basi la Haydom, ukapelekwe hospitali.

Nilijifunza kunyonyesha kwenye simu, kama ninavyojifunza kila kitu. Nakiri, napenda jambo liwe sawasawa mpaka naliharibu. Kila ukishika titi, nakutoa nitazame kama mdomo umekaa vizuri. Unalia. Nakurudisha, nakutoa tena.

Bibi yako, mama mkwe wangu, aliingia na uji.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Unamnyonyesha au unamkagua?”

“Kwenye simu wanasema...”

“Hiyo simu imezaa wangapi?”

Akafungua mlango wa nyuma unaotazama migunga ya kando ya Ziwa Basotu, akanikalisha pale pale ndani. Juu ya mgunga alikuwepo mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo. Tangu utoto nimewaona wakivua: huchota samaki pamoja na maji, huinamisha mdomo maji yachuruzike, ndipo humeza. Lakini kulisha sikuwahi kuona.

Kifaranga aliyekuwa naye tawini aliingiza kichwa chote kooni mwa mzazi wake, mpaka shingo. Akapiga mabawa, akajirusha, tawi likatikisika. Nilidhani anamezwa. Mzazi alisimama tu, koo wazi, macho ameyaelekeza ziwani. Hakumtoa amtazame. Sikujua mzazi anaweza kujiachia hivyo.

“Si huyo mzazi anaumia?” nilinong'ona.

“Anaumia, ndiyo. Haya, na huyu wako naye ale.”

Nikakushika, nikatazama pembeni, nimeuma meno. Ulihangaika, ukapiga teke, kisha nikasikia unameza. Ukameza tena. Baba yako aliporudi na habari za basi, bibi alimwashiria anyamaze.

Huenda utarithi wasiwasi wangu, na bado ninao. Basi nakuusia: jambo likishaanza kwenda, liache liende, usilikatize kila mara ili uhakikishe. Na usilolijua, muulize kwanza aliye karibu nawe. Mungu akukuze, akutulize mikono, na shibe isikupungukie popote utakapokaa.