Mrenda wa Mama Kabira

Milka Khasandi alipofika Doha kumhudumia mama mzee aliyepooza upande mmoja, hakutarajia kwamba angeshika jembe tena. Nyumba ilikuwa mtaa wa Muaither, na nyuma ya jikoni palikuwa na kipande cha ardhi kisichotembelewa ila na paka. Mzee huyo, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama Kabira, ndiye aliyeagiza jembe. Aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mkunazi, akaelekeza kwa mkono uliobaki na nguvu, Milka akalima.

Walipanda nyanya, bamia, na mboga ambayo Mama Kabira aliiita mlukhia. Ilipochipuka, Milka aliitambua mara moja. Ulikuwa mrenda, ule ule wa kwao Kakamega.

"Kwetu tunaupika na magadi," alisema kwa Kiarabu chake cha jikoni.

"Magadi? Mnakula sabuni?" Mama Kabira alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Milka akayafuta.

Mei ikaingia na joto lake. Maua ya nyanya yalikauka na kudondoka kabla ya kuzaa, lakini mrenda ulinawiri ukapita magoti. Ndege shorewanda walikuja kunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Hudihudi naye alidonoa udongo uliotoka kumwagiliwa, kishungi kikipanda na kushuka, na Mama Kabira alimkataza Milka hata kukohoa asije akamtisha. Ndani ya nyumba Milka alikuwa mtu wa kuitwa kwa kengele. Huku nje aliitwa binti.

Kisha Mama Kabira akashikwa na kifua, akalazwa hospitalini, Milka pembeni yake. Siku waliyorudi, Jassim, mwanawe mkubwa, alimvuta Milka kando.

"Kule nyuma tumepafanya pa kuegesha magari. Akiuliza, mwambie jua limeua mimea."

"Mwambie wewe, Baba. Wewe ndiye mwanawe."

"Na mimi ndiye ninayekupa ruhusa ya kwenda likizo."

Milka alikuwa hajamwona binti yake tangu amwachishe kunyonya. Akarudi kukishika kiti cha magurudumu.

Mama Kabira hakutaka hata kuvuliwa abaya kwanza. "Nipeleke nikaone mlukhia."

Milka alisukuma kiti mpaka mlango wa jikoni, akaufungua. Vitofali vyekundu vya kabro vilitanda ukuta hadi ukuta. Mkunazi haukuwepo. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa palipokuwa na bamia.

"Ni jua, Mama," alisema Milka. "Jua limekausha kila kitu."

Mama Kabira alizaliwa katika joto lile kabla ya umeme kufika.

"Jua limekula na udongo pia? Jua limeleta mawe?"

Milka aliinua macho. Dirishani juu, Jassim alikuwa amesimama akiwatazama.

"Na wewe pia," mama mzee akasema. "Nirudishe ndani."

Tangu hapo alikataa kulishwa na Milka. Kijiko kikikaribia, alifumba mdomo. Siku ya tatu Milka alipiga magoti kando ya kitanda.

"Halikuwa jua, Mama. Niliambiwa niseme."

"Nilijua pale pale mlangoni. Nilitaka nisikie kutoka kwako, pale pale." Akageukia ukuta.

Jassim alisema mhudumu asiyekubaliwa na mgonjwa hana faida, akamhamishia kwake Lusail, kwenye ghorofa, kulea watoto na kupiga pasi. Habari ya likizo, alisema, itazungumzwa baadaye. Haikuzungumzwa.

Agosti, Maurice, dereva Mkenya wa nyumba ya Mama Kabira, alibisha hodi akitaka kanzu za bosi.

"Zote?" Milka akauliza.

"Zote. Mama Kabira amefariki alfajiri. Wanazika leo."

Milka alizima pasi. "Nipeleke na mimi. Nitakaa nyuma, sitamsumbua mtu."

Maurice aliangalia chini, akizikunja kanzu mkononi. "Nilishamuuliza bosi, dada. Amesema gari limejaa."

Alipotoka, Milka aliwasha pasi tena. Mashuka ya watoto yalikuwa bado.