Kasirika, Lakini Pakua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani ingawa nimezeeka na mengine mengi nimeyasahau. Nilikuwa bibi harusi mpya hapa Masumbwe, nimeletwa kutoka Kishapu na sanduku langu moja na mdomo wangu, na mdomo ndio uliokuwa mzito kuliko sanduku. Mume wangu alikuwa ameniahidi kunipeleka nyumbani kuwaona wazazi wakati wa kuvuna pamba. Pamba ikavunwa, ikaisha, naye bado anaingia na kutoka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, kama vile hajaahidi kitu. Asubuhi hiyo nikanuna. Nilisonga ugali wa kunitosha mimi mwenyewe, nikala, nikaosha sufuria, nikarudi kitandani nikageukia ukutani. Yeye akachukua nyundo na tindo yake, akaondoka bila kutia kitu mdomoni.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyependa kuulizaulizwa. Aliingia jikoni, akaikuta sufuria imeoshwa mapema mno, akaelewa. Hakunifokea. Alisonga ugali mwingine kwa mikono yake, akaweka na mlenda, akafunga kwa kitambaa, akasimama mlangoni kwangu.

"Amka umpelekee."

Nikaanza kesi yangu. Nikaeleza ahadi, pamba, wazazi, kila kitu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, tena kwa makini, kisha akasema, "Hasira ni zako, sikunyang'anyi. Kasirika, lakini pakua."

Nikaenda, nimevuta mdomo njia nzima. Enzi hizo mwanamke hakusogea kwenye mdomo wa duara, walisema dhahabu hukimbia, basi nilisimama kule wanakosimama wake za watu nikaita kwa sauti. Na ujue desturi ya mashimoni: kila mchimbaji alikula kilichotoka kwake. Aliyetoka nyumbani na njaa alishinda na njaa, maana kuomba tonge la mwenzako ilikuwa aibu kubwa. Mume wangu akatoka mweupe kwa vumbi, akala amesimama. Hakusema asante, nami sikumsalimu. Tulinuniana siku kadhaa zaidi, lakini nilikuwa namnunia mtu aliyeshiba, na hilo lilinipa usingizi.

Maneno hayo ya mama mkwe nilikaa nayo maisha yangu yote, na mkwe wangu mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimejiapiza nisiwe mama mkwe wa kuchungulia sufuria za watu. Na Minza hakuwa na haja ya kuchunguliwa. Ni binti wa Runzewe, mpole, mchapakazi, na mwanangu Masanja alimpenda kiasi cha kuchekwa na wenzake.

Masanja aliyakataa mashimo. Alimwona baba yake alivyokohoa vumbi la miaka yote ile mpaka akakata roho, akasema yeye riziki yake ataitafuta juani. Akaenda ziwani kuvua dagaa. Mwezi ukifa anashuka mwaloni, huko kambini wavuvi wanakotia nanga, mwezi ukikua anarudi nyumbani ananuka samaki, na binti yao Holo anamkimbia huku anacheka. Sisi watu wa mashimo hatukujua lolote la ziwa. Mimi ni wa Kishapu, maji mengi niliyowahi kuyaona kwa macho yangu ni ya lambo la ng'ombe.

Kisha ikaja safari ile ambayo hakurudi. Usiku uleule wa kwanza upepo uliwakuta katikati ya maji, mtumbwi wao ukaokotwa umepinduka kwenye miamba ya kisiwa kimoja chenye mapango. Wenzake waliokolewa. Masanja wangu hakuonekana, wala siku hiyo wala baadaye. Tulikaa matanga bila kaburi, mwanangu, na nikuambie, hakuna matanga magumu kama hayo. Watu wanakuja kukupa pole huku wanatazama barabarani.

Wageni walipotawanyika, Minza akaanza jambo lake. Kila jioni alipakua sahani ya Masanja. Ugali, mboga, anafunika kwa sahani nyingine, anaiweka mahali pake. Asubuhi anaila yeye mwenyewe, imepoa, imekauka, na mara nyingi hicho tu ndicho alichokula. Akakonda mpaka pete ikawa inamdondoka wakati wa kufua. Wazee wa ukoo wakataka tuzike nguo za marehemu tumalize. Minza akasema bado. Baba mdogo wake Masanja akachoka, akasema kama nguo hazizikwi kabla ya mvua, mwanamke arudishwe kwao Runzewe, maana nyumba haiwezi kukaa na msiba usioisha.

Nami nilimsema. Nilimwambia, "Ng'wana wane, mwanangu, aliyekwenda amekwenda. Unamngoja nani?" Aliitikia tu, "Ndiyo, Mayu," kwa Kisukuma chetu cha kumwita mama, akafunika sahani. Nilikuwa na hakika kwamba anamngojea mumewe. Niliogopa akili itamhama, nimpoteze yeye na mjukuu kwa pamoja.

Jioni moja akaniambia, "Mayu, nipeleke nikaone alipobaki. Nikirudi nitazika nguo."

Sikubishana. Mitumbwi ya wavuvi haichukui wanawake kwa safari ya namna hiyo, kwa hiyo tukaikodi boti ya wale wanaotembeza wageni visiwani. Mnaichukua peke yenu nusu siku, mnazungushwa visiwa na mapango, mnarudishwa. Tulifika ufukweni asubuhi, Minza amevaa kitenge chake cha harusi, ameshika kikapu kilichofunikwa. Nilidhani ni maji na mkate wa njiani.

Mwenye boti aliitwa Jumanne, mtu mzima kiasi, mwenye asili ya Tanga, mchangamfu sana. Alipoona kitenge akapiga makofi.

"Shikamoo mama! Karibuni, karibuni. Leo tunasherehekea nini?"

Minza akanitazama, akatikisa kichwa nisiseme. Basi nikaitikia marahaba tu. Jumanne akatuvisha majaketi ya kujiokolea, langu likagoma kufungika kifuani, akanitania kwamba mama huyu hata ziwa halimmezi. Siku nyingine ningemjibu, na angejuta. Akawasha injini, akafungulia muziki wa harusi. Niliketi nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikamwomba Mungu asinichukue siku hiyo, maana nani angemrudisha Minza nyumbani.

Visiwa vilikuja kimoja kimoja. Miamba imepakwa weupe na ndege, mnandi wamekaa wakianika mabawa, kenge mkubwa anaota jua bila habari na mtu. Kwenye kisiwa kimoja wanawake walikuwa wanaanua dagaa mchangani, wakatupungia mikono. Jumanne alieleza kila kitu kwa furaha. Mimi nilikuwa natazama maji tu. Ni maji mazuri, mwanangu, na hilo liliniuma zaidi. Nilitaka yawe mabaya.

Tukafika kwenye kisiwa chenye mapango. Pango kubwa lina mdomo mpana wa chini, mawimbi yanaingia na kutoka polepole. Jumanne akapunguza mwendo, akatoa simu.

"Hapa ndipo watu wanapopenda picha. Dada, sogea mbele, tabasamu kidogo."

Minza akasimama akasogea mbele kweli, akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na sahani ya Masanja. Michembe, vile viazi vyetu vikavu, imechemshwa na karanga, kifungua kinywa alichokipenda tangu mtoto. Ilikuwa bado ina moto kidogo.

"Baba Holo," akasema, akilitazama pango. "Nimekuletea chakula chako cha asubuhi ile."

Jumanne akashusha simu. Akanitazama, nami nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwanangu alibaki hapa, na huyu ni mke wake. Akazima muziki, akazima na injini, akavua kofia.

Minza aliongea na mumewe kama mtu anayeongea akiwa jikoni. Akamwambia Holo ameanza shule na anaandika jina lake. Akamwambia paa la nyuma linavuja. Kisha sauti ikaanza kukatika. "Nilikukatalia kupika. Niliona mawingu, nikasema mtu mwenye njaa hataenda ziwani, atabaki. Ukacheka. Ukanywa kikombe cha maji, ukakimbilia basi, mfukoni una nauli tu. Yule kijana wa Kigoma aliyeokoka aliniambia kwenye matanga kwamba wewe uliishiwa nguvu wa kwanza, ukauachia mtumbwi. Ulikuwa na njaa, Baba Holo. Mimi ndiye niliyekumaliza."

Nilikaa kama nimepigwa. Kumbe hakuwa anamngoja. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba mumewe amekufa. Sahani ile ya kila jioni ilikuwa kifungua kinywa ambacho hakumpa, na miezi yote hiyo mimi nilikuwa namhubiria habari za kukubali kifo. Hakuna aliyemuuliza, naye hakumwambia mtu. Nilimshika mabega. Kwa desturi ya mashimo yetu alikuwa amesema kweli: aliyetoka nyumbani na njaa alishinda na njaa.

Aliyesema ni Jumanne.

"Dada, samahani nikuingilie. Mumeo alikuwa anavua dagaa?"

"Ndiyo."

"Mimi kabla ya boti hii nimevua dagaa mpaka mikono ikapasuka. Sikiliza nikwambie. Jioni, kabla chombo hakijasukumwa majini, watu wote wanakaa mchangani wanakula sufuria moja. Ugali na samaki, mpaka uishe. Hakuna anayepanda bila kula, nahodha hakubali, kwa sababu usiku mzima ni kuvuta kamba. Huko hatuli kilichotoka nyumbani. Mumeo alikula jioni ile. Alikula na wenzake."

Minza akamgeukia. "Una hakika?"

"Wallahi dada. Hayo ya kuishiwa nguvu wa kwanza ni maji makubwa tu. Hata mimi yangeniwahi."

Hapo ndipo Minza alipolia. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akilia hivyo, kwa sauti, amekaa chini kwenye boti na sahani mapajani. Alikuwa anasema neno moja tu, kwa nini sikuuliza, kwa nini sikuuliza. Sikumnyamazisha. Jumanne aliishika boti kwa kasia isigonge mwamba, naye anafuta macho kwa kofia yake.

Alipotulia, alichota michembe kiasi akaiweka juu ya jiwe kwenye mdomo wa pango. Iliyobaki akatupakulia. Tulikula watatu pale majini, kutoka sahani moja. Mnandi mmoja akaja akatua jirani na lile jiwe, akatazama michembe, akaondoka.

Nguo zilizikwa juma lile. Baba mdogo aliridhika, na suala la Runzewe halikutajwa tena. Lakini ninachotaka ukishike ni jioni ya siku tuliyotoka ziwani. Minza alisonga ugali. Akapakua wa Holo, akapakua wangu, akapakua wake. Mkono ukaenda kwenye rafu, ukaigusa sahani ya Masanja, ukaiacha palepale. Akakaa, akala chakula cha moto.

Nami ndiye niliyelirudisha tonge sahanini. Nilitazama mahali pale padogo mezani pasipo na kitu, na mwanangu akafa siku hiyo, mbele yangu, kwa mara ya kwanza. Miezi yote nilikuwa namgombeza Minza kwa ile sahani, kumbe kila nikiiona imefunikwa kuna sehemu yangu ilisema, basi huenda atakula. Sasa ni yeye aliyenishika mabega mimi.

Kwa hiyo sikilizeni, wanangu, wewe uliyeoa juzi na wewe unayetaka kuolewa. Mtagombana, na msidanganyane kwamba hamtagombana. Gombaneni kwa sauti kama ni lazima, nuna, geukia ukuta. Lakini chakula usikitie kwenye ugomvi, hata kama unamnyima kwa kumpenda, kama Minza alivyofanya. Hujui ni asubuhi gani utakayobaki nayo. Na kama tayari umebaki na asubuhi ya namna hiyo, usiibebe peke yako gizani. Itaje mbele ya watu. Uliza wanaoyajua maji yale na njia zile, kwa sababu unaweza kuwa unajihukumu kwa sheria za shimo kwa jambo lililotokea ziwani. Nawe unayemwona mwenzako anafanya jambo la ajabu katika majonzi yake, kabla hujamfundisha, muulize ni la nini. Mimi sikuuliza.

Mungu akujalie nyumba yenye watu wa kukukasirisha, na kila wanapotoka wakiwa wamenuna, awarudishe wote jioni, wakute umepakua.