Kahawa Iliyoungua

Juzi mzee mmoja wa Mukuju alishuka basi hapa Busia, akaingia hotelini, akaonja kahawa na kuisukuma kando.

"Mama, hii nzuri mno," akamwambia mwenye hoteli. "Bibi yangu alikuwa anaunguza buni kila siku. Anaacha kikaango motoni, anakwenda kupiga domo na jirani."

"Basi si akupikie yeye?"

"Tumemzika."

Mwenye hoteli akakaanga buni nyingine, akaziacha ziungue mpaka sote tukakohoa. Mzee akanywa, akakunja uso, akafumba macho.

"Ndiyo hii. Sasa nitamgombeza nani?"

Mimi sikulia. Nilirudi kwa yule wangu wa nyumbani anayelalamikia moshi kwenye chai ninayompikia kila jioni, na moshi sikuupunguza.