Uzito wa Wifi

Tifu, tifu, tifu. Kila akiinama kukata mtama, Mama Majani huusikia mlio ule: viatu vya mpira vya marehemu mumewe vikishindilia majani shimoni, kisigino kwanza, bila haraka.

Jina hilo majirani walimbandika kwa sababu ya shamba la nyuma ya nyumba. Alipanda mtama na kunde humo pamoja, si kwa ajili ya sufuria bali kwa ng'ombe. Kunde ziliutambalia mtama mpaka juu, kama watoto wanaomgombea mama. Kunde zilileta maziwa. Mtama ulileta utamu wa kuyafanya majani yachachuke vizuri. Vyote hukatwa vingali vibichi, vikanyaushwa kidogo, vikashindiliwa shimoni na kufunikwa kwa turubai mpaka kiangazi. Lakini hewa ikibaki ndani, ukungu hauna huruma.

Mwaka uliopita, wa kwanza wa ujane, alikanyaga peke yake. Mwili wake ni mwepesi, upepo ungeweza kumsukuma. Alipofunua shimo, nusu ilikuwa imeoza, na ng'ombe mmoja akauzwa kwa kukosa malisho. Amebaki huyu mmoja, mwenye mimba.

Ng'ambo ya uzio aliishi wifi yake, dada wa marehemu, fundi cherehani mwenye mwili wa haja. Matanga yalipoisha alimwambia mjane kwamba kumlisha ng'ombe kunde ni kuwanyima watu mboga. Mjane akamjibu kwamba hakuna aliyemwomba ushauri. Tangu hapo walisalimiana kwa nusu mdomo.

Leo majani yalikuwa yamekatwakatwa, yamerundikwa kando ya shimo, na mawingu yanakusanyika. Mama Majani alijifuta mikono kwenye khanga, akavuka uzio. Alisimama mlangoni kitambo, akiitazama cherehani ikienda.

"Wifi, nimekuja kukuomba uzito."

Mguu ulitulia juu ya pedeli.

"Uzito huu huu mliokuwa mkiucheka na kaka yangu?"

"Tuliucheka, wifi. Leo tunauhitaji."

Fundi alijitahidi kununa, kicheko kikamtoka puani. Akaivua tepu shingoni, akauliza kama shimo lenyewe lina ngazi, maana yeye akiingia, wa kumtoa watatafutwa kijiji kizima.

Aliteremka akimshika mwenzake bega, akaanza kukanyaga huku Mama Majani akimwagia tabaka juu ya tabaka. Majani yalizama chini yake yakitoa pumzi. Tifu, tifu, tifu. Kisigino kwanza, bila haraka.

Mama Majani alisimama na kumbatio la majani kifuani, hamwagi wala haweki chini. Wifi akamuuliza kulikoni, au ameshaharibu tayari.

Akatikisa kichwa. Akayamwaga majani taratibu shimoni, kandokando ya ukuta wake, akasema kwa sauti ya chini sana:

"Kanyaga na pembeni, wifi. Kaka yako hakuwa akiacha pembeni."