Mdogo Wangu na Sauti za Wagonjwa

Tulikuwa tunaanika nguo jirani yangu aliponiuliza, "Hivi dada, ni kweli mdogo wako ndiye aliyefuta sauti za marehemu?" Nikabeba beseni langu nikaingia ndani. Leo najaribu kumjibu.

Mdogo wangu ni fundi wa kompyuta katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona. Sisi humwita Bwana Nakala, maana hata ufunguo wa choo alichongesha wa pili, na kitasa chenyewe kibovu. Pale kazini wagonjwa hurekodi maneno ya kuwaachia watu wao, naye ndiye huyatunza.

Alinieleza mara nyingi, mimi wa darasa la saba, mpaka nikaelewa. Programu ya kutunza sauti hizo inakaa ndani ya kontena, si hili la kupakia mizigo, bali mfano wa chumba cha kupanga: ikizimwa, chumba kinabomolewa, kinajengwa kipya. Kwa hiyo vitu vya kudumu huwekwa nje, kwenye diski yake, na kila asubuhi diski hiyo hutolewa nakala.

Sasa programu ilipofanyiwa mabadiliko, ikaanza kuweka sauti mpya kwenye folda isiyounganishwa na diski. Miezi mitatu zililala mle chumbani. Kila asubuhi kompyuta iliandika kwamba nakala imekamilika. Mdogo wangu alisoma neno hilo, akamshukuru Mungu, akanywa chai. Hakufungua hata nakala moja asikilize. Jumanne moja wakaizima programu waiongezee nguvu. Ilipowaka, sauti za miezi mitatu hazipo.

Humo alikuwemo mke wa fundi cherehani mmoja mzee. Mzee huyo alikuja kila Ijumaa kumsikiliza mkewe akimtania kwamba suruali anazoshona zina mguu mmoja mrefu. Mkuu wa kazi alimwambia mashine imeungua. Mzee akavaa kofia yake, akasema ni mapenzi ya Mungu, akaondoka.

Tangu hapo mdogo wangu chakula hakipandi. Nilimwambia atubu, Mungu ni mwenye huruma. Akanijibu taratibu kwamba Mungu hajadanganywa, aliyedanganywa ni mzee. Mkuu ameshamwonya: akifungua mdomo, kazi hana. Nami niliomba, sikujua hata niombe nini.

Jana alikuja kwangu amevaa shati la kazini. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Dada," alisema, "nisindikize kwa yule fundi cherehani. Nataka nimwambie mwenyewe kwamba mashine haikuungua, mimi sikukagua. Nikishindwa kusema, usinisemee. Nisubiri tu."